Fasihi ya Kenya Huishia Mlolongo

Mwaka jana nilialikwa Nairobi kusoma hadithi yangu. Dakika kumi jukwaani, halafu maswali, halafu soda ya bure. Nauli haikutajwa. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kwamba wasanii hujitolea, na kwamba nafasi kama hiyo itanijenga.

Mimi naishi Voi. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Shughuli ilianza saa kumi na mbili na nusu jioni, ikaisha saa tatu usiku. Anayeishi Kilimani aliita teksi akaenda kulala. Mimi nilikaa ofisi ya basi hadi saa sita, begi mapajani, nikashuka Voi alfajiri na shilingi mia mbili mfukoni. Kujengwa gani huko?

Kabla mtu hajasema nina kinyongo: kazi ya watu wa Nairobi naiheshimu. Bila Kwani?, iliyoanzishwa 2003 na Binyavanga Wainaina na wenzake, huenda nisingejaribu kuandika kabisa. Book Bunk wamefufua maktaba za Kaloleni na Makadara, na wanastahili makofi. Halafu mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Vikao vya vitabu kwangu si burudani. Pale ndipo nilipotegemea kusomea.

Ninachopinga ni maneno mawili tu: "ya Kenya". Tamasha la fasihi ya Kenya. Sauti mpya za Kenya. Hebu chora ramani yake: anzia Alliance Française, pitia Goethe-Institut, panda Westlands, malizia Kilimani. Boda moja inakuzungusha kote huko kwa alasiri moja. Hiyo si Kenya, huo ni mtaa.

Najua jibu lenu: vitabu hufuata watu, na watu wako Nairobi. Haya, tuongee historia. Mwaka 1895 wamisionari wa CMS walianza kutoa Taveta Chronicle pale Taveta, na mara nyingi historia ya magazeti ya Kenya huanza na hilo. Lilikuwa la wazungu na la Kiingereza. Sijidanganyi kwamba lilikuwa letu. Lakini lilitoka huku, miaka minne kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. African Standard nalo lilianzishwa Mombasa na A. M. Jeevanjee, kisha likahamia Nairobi mwaka 1910. Maandishi yalipanda treni yakafuata serikali na pesa. Kilichohamishwa na watu, watu wanaweza kukirudisha.

Tusipokirudisha, tutaendelea kuandikwa na wapita njia. Muulize msomaji wa ng'ambo kuhusu Voi. Akijua lolote, atakwambia ndipo ndege ya Denis Finch Hatton, mpenzi wa Karen Blixen, ilipoanguka mwaka 1931. Basi. Mji mzima, na sifa yake ni ajali ya mzungu.

Na hapa lazima nijiseme mwenyewe. Hadithi niliyosoma usiku ule ilimhusu nyanya yangu wa Wundanyi. Kabla ya kusafiri niliihamishia Rongai. Maneno ya Kidawida nikayafuta yote, kwa sababu nilijua nani atakuwa ukumbini. Walipiga makofi sana. Nyanya mwenyewe asingejitambua mle ndani.

Mimi angalau bado naandika. Rafiki yangu aliyenizidi kwa mbali ameacha; siku hizi yuko shamba la mkonge. Hakuna aliyemkataza kuandika, na hakuna aliyemsikiliza pia.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2017 Jalada walipakia tamasha zima kwenye basi wakazunguka nalo miji ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo nadai mambo matatu. Ukimwalika mwandishi wa mbali, mlipie nauli. Ukitaka kuliita tamasha lako la Kenya, litoe Nairobi angalau mara moja kwa mwaka. Na ukishindwa na yote mawili, liite la Kilimani, hatutakasirika.

Sisi wa huku nasi tuache kungoja kuitwa. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa Voi, wanafunzi wapo, simu za kurekodia tunazo. Tangu Januari tumekuwa watano, kila Jumamosi saa nane mchana, nyuma ya kibanda cha chai. Nyanya nimemrudisha Wundanyi na Kidawida chake, na hakuna anayeomba tafsiri. Mwezi uliopita yule wa mkonge alikuja. Hakusoma kitu, lakini alikaa hadi mwisho.

Ndugu zetu wa Nairobi, karibuni. Madaraka Express inasimama Voi. Nauli mtajilipia wenyewe; itawajenga.