Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Kuhusu Ulinzi wa Figo Zilizopandikizwa

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kutoka Nyegezi, Mwanza, kwa ajili ya ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa waliopandikizwa figo, ambao hawana budi kutumia dawa maisha yao yote ili miili yao isiikatae figo ya mtu mwingine.

Tangu Muhimbili ilipoanza upandikizaji Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018, tumepata fahari iliyo haki yetu. Lakini dawa zitumiwazo aghalabu, takrolimasi na siklosporini, zina dosari nzito, kwani zikitumiwa miaka mingi huweza kuidhuru figo ile ile zinayoilinda. Ndipo wataalamu wakaunda katika maabara protini ya kinga iitwayo belatasepti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Chembe nyeupe za damu, kabla ya kushambulia, hungoja ishara mbili. Protini hii, iliyoungwa kwa kipande cha kizuizi cha asili cha mwili na kipande cha kingamwili, huizuia ishara ya pili, nazo chembe hizo zikatulia. Baada ya kipindi cha mwanzo, mgonjwa hutiwa dawa hiyo mshipani kwa nusu saa kila majuma manne.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa waliofuatiliwa miaka 7, ulionyesha kuwa kwa waliotumia belatasepti hatari ya kufa au kupoteza figo ilikuwa ndogo kwa asilimia 43 kuliko kwa waliotumia siklosporini, ijapokuwa figo kukataliwa katika mwaka wa kwanza kulitokea zaidi. Sharti kuu la dawa hiyo ni kwamba mgonjwa awe amekwisha kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, la sivyo hujihatarisha kwa saratani ya tezi za limfu. Na virusi hivyo, vinavyohusishwa na uvimbe wa taya za watoto alioueleza Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, watu wa pande zetu huvipata aghalabu utotoni, hivyo wengi hutimiza sharti hilo. Kifua kikuu, hata hivyo, lazima kichunguzwe kwanza, kwa kuwa dawa hii hudhoofisha kinga ya mwili.

Bei ya belatasepti ni kubwa, nami silipuuzi hilo. Lakini figo ikifa, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na gharama hiyo nayo haina kikomo.

Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nakusihi, Mheshimiwa, dawa za kulinda figo ziingizwe kwenye kitita cha bima hiyo, belatasepti ichunguzwe kwa wagonjwa wetu wenyewe, na Hospitali ya Rufaa ya Bugando, hapa Mwanza, iwezeshwe kuitoa, ili mtu wa Ukerewe au Sengerema asilazimike kwenda Dodoma au Dar es Salaam kila mwezi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Nyegezi, Mwanza