Coleco: Kampuni Iliyoweka Umeme Wote Kwenye Printa

Nyinyi mnaopenda historia ya gemu mnazijua Atari na Nintendo. Coleco haitajwi sana, na ikitajwa husemwa iliuawa na mporomoko wa soko la gemu huko Marekani mwaka 1983, basi, mjadala umekwisha. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Naona Coleco ilikufa kwa ugonjwa ambao watu wa programu tunaujua vizuri: mfumo mzima kutegemea kitu kimoja, kikianguka kila kitu kinaanguka nacho.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1932 Maurice Greenberg, mhamiaji kutoka Urusi, alianzisha Connecticut Leather Company mjini Hartford. Kazi yake ilikuwa kuwauzia mafundi wa viatu ngozi na vifaa. Ndiyo, Coleco ilianzia kwenye soli za viatu! Baadaye ikatengeneza vifurushi vya ngozi vya watoto kushonea vitu vidogo vidogo, kisha vidimbwi vya plastiki vya kuchezea maji. Miaka ya 1960 biashara ya ngozi ikauzwa, likabaki jina la kifupi, na wana wa mzee, Leonard na Arnold, wakaiendesha kama kampuni ya vitu vya kuchezea.

Mwaka 1976 kampuni ya General Instrument ilitoa chipu moja iliyobeba mchezo mzima wa aina ya Pong. Coleco iliagiza mapema kuliko wengine, kwa hiyo chipu zilipoadimika yenyewe ilikuwa na za kutosha. Mashine yake, Telstar, nusura ikwame kwa sababu ilikuwa inatoa mawimbi ya redio kupita kiwango cha sheria. Ralph Baer, yule anayeitwa baba wa gemu za video, akawasaidia kurekebisha, wakauza zaidi ya mashine milioni moja mwaka huo.

Walifanya nini baada ya hapo? Walitoa Telstar nyingine, na nyingine, na nyingine, wakati wateja wameshaanza kutaka mashine za kubadilisha kaseti za gemu. Mwaka 1978 walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 20. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Walijikwamua kwa gemu ndogo za mkononi, kisha Agosti 1982 wakatoa ColecoVision. Hii ilikuwa mashine nzuri kwelikweli. Ndani yake kulikuwa na Z80, prosesa ile ile iliyotumika kwenye kompyuta nyingi za wakati huo, na picha zake zilikaribia zile za mashine kubwa za kumbi za michezo. Isitoshe, walipata leseni ya Donkey Kong kutoka Nintendo na kuiweka bure ndani ya boksi. Kufikia Krismasi walikuwa wameuza zaidi ya 500,000. Walitoa hata kifaa cha kuchomeka ili ucheze kaseti za Atari 2600, Atari ikawashtaki, wakamalizana nje ya mahakama.

Sasa tufike kwenye Adam. Juni 1983, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki Chicago, Coleco ilitangaza kompyuta ya nyumbani iliyokamilika: kibodi, kumbukumbu ya kilobaiti 80, kinasa kanda cha kuhifadhia data, programu ya kuandikia barua, na printa juu yake. Wazo lenyewe nalipenda mpaka leo. Wakati huo Commodore 64 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 200, lakini ukitaka printa na kifaa cha kuhifadhia data ulinunua kando. Coleco ilitaka mzazi anunue boksi moja, afike nyumbani, mtoto aandike insha. Wakuu walitabiri mashine 500,000 kabla ya Krismasi.

Shida ni kwamba walichotangaza kilikuwa hakijamalizika kutengenezwa. Tarehe ikasogezwa, bei ikapanda, na Krismasi ilipofika walikuwa wametoa takriban 95,000 tu. Nyingi zilirudishwa madukani zikiwa na hitilafu. Ilipowashwa, Adam ilitoa mpigo wa sumaku ulioweza kufuta kanda iliyoachwa ndani ya mashine au karibu nayo. Yaani kuwasha kompyuta kungeweza kufuta kazi yako!

Lakini kinachoniuma zaidi ni printa. Pawasaplai ya kompyuta nzima iliwekwa ndani ya printa. Printa ikiharibika, huna kompyuta. Ukiipeleka kwa fundi, unabaki na kibodi ya kutazama. Yule aliyetaka kucheza gemu tu, hana haja ya kuchapisha chochote, alilazimika kuwa na printa ile mezani, nzima na imechomekwa.

Januari 1985 Adam ikaachwa. Waliokuwa nayo wakabaki kuandikiana majarida na kubadilishana programu kupitia vikundi vyao, kwa miaka mingi baada ya mwenye mashine kuondoka.

Hapo ndipo hoja ya mporomoko wa 1983 inaponishinda. Coleco ilikuwa na kinga ambayo Atari haikuwa nayo: wanasesere wa Cabbage Patch Kids. Krismasi ya 1983 wazazi walisukumana madukani kuwagombania, na mwaka 1985 mauzo yao yalifika karibu dola milioni 600. Hela zilikuwepo, na muda wa kujipanga upya ulikuwepo. Badala yake kampuni nzima ikamwegemea mwanasesere, kama ilivyoiegemea Telstar. Mwaka 1986 watoto wakamchoka, na hasara ya mwaka huo ikapita dola milioni 100. Mwaka huo huo Coleco ilikuwa imenunua kampuni ya Selchow & Righter, yenye Scrabble, lakini haikutosha. Julai 1988 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na 1989 Hasbro ikanunua sehemu kubwa ya mali zake. Ndivyo Scrabble ya Marekani ilivyoingia mikononi mwa Hasbro.

Najua kuna atakayeniambia kwamba bila kuthubutu wangebaki kuuza soli. Kweli kabisa. Ila tofautisheni. Telstar ilisimama juu ya chipu iliyokuwa inafanya kazi tayari. ColecoVision ilisimama juu ya Donkey Kong, mchezo uliokuwa tayari unapendwa. Adam ilisimama juu ya tarehe. Huko si kuthubutu, ni kuahidi kitu ambacho mafundi wako bado hawajakuonyesha kikifanya kazi.

Hapa Nairobi mteja akija na kazi, swali lake la kwanza ni "itakuwa tayari lini?", na kishawishi cha kutaja tarehe tamu ni kikubwa, kwa sababu aliye mlango wa pili ataitaja. Mimi nashauri tumwonyeshe kwanza kipande kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo, ndipo tuzungumze tarehe. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, chora mfumo wako kwenye karatasi, uweke kidole juu ya kila kisanduku na kuuliza: hiki kikizimika, nini kingine kinazimika? Ukikuta kisanduku kimoja kinazima vyote, hiyo ndiyo printa yako. Toa umeme humo kabla hujauza.

Tukutane wakati mwingine.