Sukuma wiki yangu ilikuwa na njaa ya jua

Jumatatu moja jioni binti yangu wa Gredi ya Sita alirejea kutoka shuleni akiwa amevimba mashavu. Alilitua daftari lake la sayansi mezani, akaniambia, "Mama, wewe ndiwe uliyenikosesha."

Nililifungua. Swali lilikuwa jepesi: mimea hupata wapi chakula chake? Jibu nalo lilikuwa limeandikwa kwa hati ya kupendeza: mimea hula mbolea iliyomo udongoni. Kando yake palikuwa na alama ya X ya wino mwekundu.

Sikuwa na la kujitetea. Jibu hilo nilimpa mimi mwenyewe Jumapili usiku, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Kosa hilo lingeishia daftarini nisingelisumbuka. Lakini siku zizo hizo lilikuwa linanitia hasara. Nyuma ya nyumba yetu, katika kichochoro kilicho kati ya ukuta wetu na ghorofa ya jirani, nilikuwa nimepanda sukuma wiki katika magunia mawili. Hesabu yangu ilikuwa ile ya kila mama wa mjini: nikichuma mboga uani, pesa ninazompelekea mama mboga kila jioni zitanunua unga.

Wiki sita zikapita. Miche ikarefuka shingo kama twiga, mashina yakawa membamba kama njiti, na majani yakawa madogo, ya rangi ya manjano. Nikasema, maskini, ina njaa. Nikanunua mbolea ya CAN, nikatia ukufi mzima katika kila gunia. Sikuona mabadiliko. Nikaongeza mwingine. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa zimekauka kana kwamba zimepitishwa motoni, na nusu ya miche ilikuwa imelala chini.

Wiki hiyo shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Vihiga. Alipita nyuma ya nyumba, akaitazama mboga, kisha akainua macho kulitazama lile ghorofa. "Mwanangu," akaniambia, "hii mboga haikukosa mbolea. Imekosa jua. Wewe umempa mtu chumvi bila kumpa ugali."

Udongo haukupungua

Msomaji, kama nawe uliamini kwamba mmea hula udongo, usione haya. Wataalamu wa Ulaya waliamini hivyo kwa karne nyingi. Aliyelitia shaka wazo hilo kwa mizani alikuwa mganga mmoja wa Ubelgiji ya leo, Jan Baptista van Helmont, aliyefariki mwaka wa 1644.

Van Helmont alikausha udongo wenye uzito wa kama kilo 90, akautia katika chungu, akapanda humo mche wa mti uliokuwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Kwa miaka 5 akawa anaunywesha maji tu. Mwishowe aliung'oa akaupima. Mti ulikuwa umefikia kilo 77 hivi. Akaukausha udongo, akaupima pia. Ulikuwa umepungua kwa gramu 57 hivi, uzito unaoweza kuutia mfukoni na usiuhisi.

Basi zile kilo zaidi ya 70 za mbao, magome na mizizi zilitoka wapi? Yeye alisema zilitoka katika maji. Alipata nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa ikimpita puani kila alipovuta pumzi, nayo ni hewa. La kuchekesha ni kwamba bwana huyu ndiye aliyebuni neno "gesi" tunalolitumia hadi leo.

Mwaka wa 1771 Mwingereza Joseph Priestley alifunika mshumaa uwakao ndani ya chombo hadi ukazimika kwa kukosa hewa safi. Akatia humo kitawi cha mnanaa. Baada ya siku kama kumi mshumaa uliweza kuwaka tena humo ndani. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa upya. Mwaka wa 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, akaonyesha kwamba mimea haifanyi kazi hiyo ila penye mwanga, na kwamba sehemu za kijani ndizo zinazoifanya.

Jiko lisilo na moshi

Sasa tuingie jikoni mwenyewe. Jiko la mmea ni jani. Upande wake wa chini, hasa, kuna vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Humo huingia hewa ya kabonidayoksaidi, ile tunayoitoa sisi tunapopumua na inayotoka katika mioto na magari yetu. Hewa hiyo ni haba. Katika kila sehemu 10,000 za hewa inayotuzunguka, haifiki hata sehemu 5. Na kutokana na uhaba huo ndipo unapotoka muhindi, muwa na mvule.

Maji nayo hupandishwa kutoka mizizini kupitia mirija myembamba iliyomo shinani. Hewa na maji vikishakutana jani linahitaji kitu kimoja zaidi, nacho ni moto wa kupikia. Moto huo ni mwanga wa jua. Anayeunasa ni ile rangi ya kijani inayoitwa klorofili. Kwa nguvu za mwanga huo, maji huvunjwa, kisha kabonidayoksaidi hugeuzwa kuwa sukari. Oksijeni inayobaki hutolewa nje kupitia vile vitundu, nasi tunaivuta. Kazi yote hiyo vitabu vya shule huiita usanisinuru.

Sukari ikiwa tayari, jani halili peke yake. Nyingine huteremshwa hadi mizizini, nyingine hupelekwa kwenye machipukizi, maua na matunda. Nyingine huunganishwa na kuwa wanga, ikawekwa akiba. Kiazi ulichokula kwa chai asubuhi ni ghala la sukari iliyopikwa na majani juu ya ardhi, ikashushwa gizani. Wahenga waliposema mchumia juani hulia kivulini walikuwa wakimsema binadamu, lakini mhogo umeyafuata maneno hayo neno kwa neno.

Ukitaka ushahidi usio na gharama, nenda penye nyasi palipolaliwa na ubao au bati kwa wiki moja au mbili. Liinue. Nyasi za chini yake utazikuta zimepauka na kuwa manjano, ilhali udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichozuiwa ni mwanga. Mmea ulionyimwa mwanga hutumia akiba yake kurefusha shina ili uufikie. Ndiyo maana sukuma yangu ilikuwa na shingo ya twiga: ilikuwa ikimtafuta jua nyuma ya ghorofa.

Mbolea ni nini basi?

Hapa ndipo mimi na binti yangu tulipoteleza. Mbolea haina sukari wala wanga. Ni madini ambayo mmea unayahitaji kwa kiasi kidogo ili uweze kulijenga na kulitengeneza jiko lake. Naitrojeni huingia katika klorofili na protini. Magnesiamu imo katikati ya kila chembe ya klorofili. Fosforasi husaidia katika kusafirisha nguvu ndani ya mmea, na potasiamu husaidia kufungua na kufunga vile vitundu vya majani. Zile gramu 57 zilizopotea katika chungu cha Van Helmont zilikuwa kidogo, lakini bila madini ya namna hiyo mti usingalikua.

Ndiyo maana shangazi alitaja chumvi. Mlo bila chumvi haunogi, lakini chumvi bila mlo haimshibishi mtu. Ikizidi, hudhuru. Mbolea nyingi ikiyeyuka katika udongo wa gunia hufanya maji ya udongoni yawe makali kuliko yaliyomo mizizini. Badala ya mizizi kuyavuta maji, maji hutoka mizizini yakarudi udongoni, na mmea ukafa kiu huku umesimama katika tope. Hivyo ndivyo nilivyoiua nusu ya mboga yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani ninailisha.

Maharagwe na jamii yake wana njia ya pekee ya kupata naitrojeni. Katika vinundu vya mizizi yao huishi bakteria wanaoichukua kutoka hewani na kuigeuza iwe mbolea. Maharagwe huwalipa bakteria hao kwa sukari. Wazee wetu waliochanganya mahindi na maharagwe katika shamba moja hawakuwa wakibahatisha.

Mwizi wa chini ya ardhi

Nilipomuuliza shangazi amejuaje haya yote, alicheka. "Nimepigana na njaa ya mimea miaka mingi," akasema. Kisha akanieleza habari za gugu lile ambalo wakulima wa Nyanza hulijua kwa jina la kayongo, na ambalo wataalamu huliita striga. Maua yake ni ya rangi ya waridi, na mgeni anaweza kulichuma akalitia katika chupa mezani.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hulala udongoni kwa miaka zaidi ya kumi. Huamka zikihisi kemikali inayotolewa na mizizi ya mahindi, mtama au wimbi. Zikishaamka, hujibandika kwenye mizizi hiyo na kuinyonya maji, madini na hata sukari iliyopikwa na majani. Wakati mkulima anapoliona gugu likichomoza, wizi umekwishafanyika. Muhindi hudumaa na kupauka kana kwamba umekosa mvua. Shangazi anasema iko miaka aliyovuna debe mahali alipotarajia magunia, na karo ya watoto ikawa ndiyo iliyoliwa na kayongo.

Dawa aliyoipata ni ile iliyotokana na utafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria, kwa ushirikiano na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kayongo na kuzizuia zisijibandike kwenye muhindi, zikafa njaa. Desmodiamu hiyo hiyo hutia naitrojeni udongoni na kuwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa kutoboa mashina. Pembezoni mwa shamba hupandwa nyasi za nepia ili ziwavute nondo hao. Mwishowe nepia na desmodiamu huliwa na ng'ombe.

Nasi wa mjini tuna wezi wetu. Ukiona ua la nyumba limefunikwa na nyuzi za manjano kama tambi zilizomwagwa, usidhani ni pambo. Huo ni mmea usio na majani ya maana wala klorofili ya kutosha, na umeamua kula katika jiko la mwenziwe. Ukate mapema pamoja na matawi uliyoyashika, kabla haujakausha ua lote.

Kesi ya kamba ya nguo

Nilikuwa na mahali pamoja tu palipo na jua tangu asubuhi hadi saa nane mchana: mbele ya mlango, chini ya kamba ya jirani yangu ya kuanikia nguo. Nilipomwendea alikataa katakata. "Mama, udongo wako utanichafulia shuka." Sikumlaumu. Shuka na sukuma vyote vilikuwa vikiligombea jua moja. Tuliafikiana siku ya pili: magunia yakae pembeni, juu yake nitandaze kokoto ili udongo usiruke, naye achume mboga kila Ijumaa bila kuniuliza.

Kama nawe una gunia au ndoo kuukuu, haya ndiyo niliyojifunza. Chagua mahali pa kuliweka kwa kulifuata jua. Saa sita za jua kwa siku zinatosha. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbolea ya dukani, ukiitumia, iwe kidogo sana na mbali na shina, kisha umwagilie maji. Yapanguse majani yaliyojaa vumbi la barabara, maana vumbi huziba mwanga. Unapochuma, anza na majani ya chini, ukiache kilele na majani manne au matano. Ukiyang'oa yote umebomoa jiko, na hakuna apikaye bila jiko.

Kabla ya mwezi wa pili kwisha, rangi ya kijani ilikuwa imerejea. Sasa ninachuma mara mbili kwa wiki, na siku za Ijumaa ninasikia kisu cha jirani kikikatakata mboga upande wa pili wa ukuta.

Binti yangu alilifuta lile jibu, akaandika jipya bila kuniomba msaada: mmea hujipikia chakula chake majani mwake kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Akaniletea daftari niweke sahihi. Niliweka, nikanyamaza.