Karanga Zilizofungwa na Ndumilakuwili

Mwezi huu sina ushauri, nina kesi. Na mshtakiwa ni mimi.

Mwaka jana tulikuwa tunahama Shinyanga kwenda Geita. Mke wangu alikuwa amepata kazi ya uhasibu kwenye kampuni moja inayohudumia migodi, na mimi kazi yangu ya kuhariri naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti. Siku mbili kabla ya lori kuja nikapita stendi, nikanunua karanga. Nikazila zote, nikafunua karatasi kutafuta zilizobaki chini. Nikakutana uso kwa uso na Ndumilakuwili!

Sikuhitaji kuambiwa. Pembeni kulikuwa na mwandiko wa marehemu baba yangu, wino wa bluu: tarehe aliyolinunua. Lilikuwa gazeti langu, limetoka kwenye tranka langu, chini ya kitanda changu mwenyewe.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Sani lilikuwa gazeti la katuni na hadithi lililotamba tangu miaka ya 80, na jina lake lilitokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo waliishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa mwenye makuu na mfuko mtupu, Madenge mtoto mtukutu, Pimbi na Komredi Kipepe. Kabla ya simu za kuperuzi, hao ndio walikuwa mastaa wetu.

Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, stesheni ya Shinyanga. Sani lilimfikia kwa treni kutoka Dar, limechelewa, na mara nyingi limeshasomwa na nusu ya behewa. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kula." "Lala." "Umekuwa wa ngapi?" Basi. Lakini akifika kwa Lodi Lofa alicheka mpaka anafuta machozi, halafu ananisogezea gazeti: "Hebu soma hapa." Tulikaa hivyo barazani mpaka giza linaingia.

Siyo siri, nilipagawa. Pale mtaani Ngokolo, kusoma Sani langu ilikuwa andazi moja, kulala nalo mawili. Nilipokua kidogo nikahamia kwenye riwaya za kipelelezi, na hapo urafiki ulivunjika mara nyingi kwa swali moja: nani zaidi, Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa? Mimi nilikuwa upande wa Joram. Willy Gamba alikuwa na serikali nyuma yake. Joram alikuwa na akili zake tu, na baadaye Nuru pembeni yake. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba 2010, lakini Kufa na Kupona ya mwaka 1974 bado ninayo, haina jalada.

Sasa turudi kwenye karanga. Nilifika nyumbani nimefura kama chatu.

"Nani kafungua tranka langu?"

"Mimi. Tunapunguza mizigo, baba watoto. Nimempa yule mama wa karanga, maskini hana hata karatasi."

Nikabwata. Nilisema maneno ambayo hapa hayaandikiki. Yeye akanijibu kwa utulivu ule unaotisha zaidi kuliko kelele: "Tulipooana nilikuuliza kuna nini humo. Ulisemaje?"

Nikakumbuka. Nilisema, "Makaratasi tu ya zamani."

Na kweli ndivyo nilivyosema, kwa sababu niliona aibu. Nina shahada ya mawasiliano, navaa tai, halafu nimwambie bibi harusi kwamba chini ya kitanda nimehifadhi Madenge? Nikanyamaza. Miaka saba.

Tukanuniana. Chakula mezani, salamu hakuna.

Siku ya tatu tukapanda lori, mimi, yeye na dereva, tukapitia upande wa Mwanza. Tulipofika kwenye daraja la Kigongo–Busisi, ambalo kabla ya kufunguliwa Juni 2025 pangekuwa pa kusubiri kivuko, mke wangu akainama, akatoa mfuko chini ya miguu yake. Ndani kulikuwa na magazeti 14.

"Nimeyakomboa asubuhi. Mengine yameshaliwa na karanga. Sasa niambie, kwa nini ulinipigia kelele vile?"

Nikamwonyesha mwandiko. Nikamsimulia baraza, treni, kicheko. Nikamwambia kwamba sina picha hata moja ya baba akicheka, nina hizo tarehe tu. Dereva, kwa heshima zake, akaongeza sauti ya redio.

Mke wangu akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Na mimi ulinicheka kwa ajili ya Titanic."

Kweli jamani. Tulipokuwa wachumba, tunasoma pale SAUT, Nyegezi, tuliiangalia Titanic ya mwaka 1997 kwenye kompyuta ya rafiki. Wenzetu wanalia, yeye anasema filamu haina ladha bila Lufufu. Nikacheka mpaka nikalala chini. Mshamba huyu!

Lufufu, jina lake Derek Mukandala, alikuwa mtafsiri wa mikanda ya video. Sauti ya Kizungu inashushwa, yeye anapanda juu kwa Kiswahili: anasimulia, anatania, anamwonya steringi kana kwamba anamsikia. Nilidhani najua stori ya mke wangu na Lufufu. Sikuijua.

Mama yake alikuwa mama lishe kwenye machimbo ya Nyarugusu, nje ya kibanda cha video. Wachimbaji walilipa kiingilio, wakakaa kwenye mabenchi. Yeye, mtoto wa miaka kumi, alikuwa upande wa pili wa turubai akiosha sahani. Hakuiona Titanic, aliisikia. Meli, barafu na mapenzi yote yale aliyapata kwa sauti ya Lufufu, mikono ikiwa ndani ya beseni. Siku ile chuoni ndiyo aliiona kwa mara ya kwanza. Na mimi nilimcheka.

Nilimwomba radhi tukiwa tumeshapita Sengerema.

Msomaji wangu, wewe na mwenzio mnajuana mshahara, madeni na mashemeji. Je, unajua alikuwa anapenda nini alipokuwa na miaka kumi, na nani alikuwa amekaa pembeni yake? Muulize. Na wewe uliyeficha tranka, usimlaumu mtu kwa kutoheshimu kitu ulichomwambia ni makaratasi.

Magazeti 14 yako kwenye kabati la sebuleni, Geita. Jumamosi nawasomea wanangu, naye mama yao anaingilia kati kwa sauti ya Lufufu mpaka siwezi kuendelea. Matatu bado yana mafuta ya karanga.

Tukutane mwezi ujao.