Fenway na Tiger: viwanja viwili vya siku moja, kimoja kikapona, kingine kikabomolewa

Tarehe 20 Aprili 1912, siku tano nyuma ya meli Titanic kuzama, miji miwili ya Marekani ilifungua viwanja vipya vya besiboli siku ileile. Boston ilifungua Fenway Park. Detroit ilifungua Navin Field, uwanja ambao nyuma yake watu walikuja kuuita Tiger Stadium. Leo Fenway ingali inapokea mechi, na katika ligi kubwa ya besiboli hakuna uwanja unaoipita kwa uzee. Tiger Stadium ilifungwa mwaka wa 1999, kisha ikabomolewa kati ya 2008 na 2009.

Vyote viwili vilipendwa sana. Sasa, juu ya nini kimoja kilipona na kingine kikaanguka? Wengi wanajibu: upendo wa wafuasi. Lakini upendo ulikuwa pande zote mbili. Tukichunguza vizuri, tunaona kwamba ni hesabu ya feza njo ilitenganisha hivi viwanja.

Ukuta wenye kuleta watu

Kwa wasomaji ambao hawajazoea huu muchezo: mupigaji anashika fimbo na kupiga mupira mudogo ambao mupinzani anamurushia. Akiupitisha juu ya ukuta wa mwisho, anazunguka vituo vyote na kupata pointi. Katika mupira wa miguu, viwanja vyote vinafanana. Katika besiboli, sehemu ya katikati ina vipimo vya sheria, lakini ule ukuta wa mwisho kila muji unauweka kufuatana na nafasi iko nayo.

Fenway ilijengwa ndani ya kartie yenye kujaa nyumba. Upande wa kushoto kuna barabara ya Lansdowne, karibu sana. Kwa hiyo ukuta uko mita kama 94 tu kutoka kwa mupigaji, lakini umepanda juu mita 11. Mupira wa kuelea, ambao kwingine ungekamatwa bila shida, hapa unapita juu. Mupira mukali wa chini, ambao kwingine ungetoka nje, hapa unagonga ukuta na kurudi. Mwaka wa 1947 walifuta matangazo ya biashara yaliyokuwa juu yake, wakaupaka rangi ya kijani; watu wanauita Green Monster, ni kusema Jitu la Kijani. Chini yake kuna ubao wa pointi ambao mupaka leo watu wanaubadilisha kwa mikono, wakiwa ndani ya ukuta.

Kati ya viti vya upande wa kulia kuna kimoja chekundu. Ni pale mupira wa Ted Williams ulianguka Juni 1946, mita 153 kutoka alipoupigia. Na kuna historia ya huzuni: ekipi ya Red Sox ilishinda ubingwa 1918, kisha ikamuuzisha Babe Ruth kwa ekipi ya New York, na haikupata tena kombe mupaka 2004. Ni miaka 86. Babu, baba na mujukuu walikaa kwenye viti vile vya mbao, vyembamba, wengine nyuma ya nguzo zinazofunika macho, wakingojea kitu kimoja.

Detroit: walishikana mikono, wakashindwa

Tiger Stadium nayo ilikuwa na mambo yake. Gorofa ya juu ilikaa karibu sana na wachezaji, hata mutu wa tiketi ya bei ndogo aliona vizuri. Lakini wenye ekipi walitaka uwanja mupya wenye vyumba vya matajiri, maana pale njo feza kubwa inatoka. Aprili 1988 wafuasi walishikana mikono kuuzunguka uwanja wote. Hawakuishia hapo. Walileta mupango wa kuutengeneza kwa dola kama milioni 26, bei ndogo sana ukilinganisha na uwanja mupya.

Mupango ule haukupata mwenye kuupokea. Mwaka wa 1992 ekipi ilipata mwenyeji mupya, naye aliendelea kutaka kuhama. Mwaka wa 1996 wapiga kura wa Detroit wenyewe walikubali feza ya umma iingie katika ujenzi wa uwanja mupya. Watu wa muji uliokuwa umepoteza kazi nyingi za viwanda waliona ujenzi kama tumaini. Uwanja mupya ulifunguliwa mwaka wa 2000.

Boston: feza ilikosekana

Mwaka wa 1999 wakubwa wa Red Sox nao walitangaza kwamba Fenway imezeeka. Walitaka uwanja mupya pembeni yake, wenye nafasi ya watu kama 44.000. Hesabu ilifika dola milioni 665, na karibu nusu, milioni 312, ingetoka kwa jimbo na muji. Tena nyumba na maduka ya majirani yangechukuliwa. Wakaaji wa kartie walikataa. Kikundi cha Save Fenway Park, kilichoanza 1998, kilileta wachoraji wa majengo kuonyesha kwamba uwanja unaweza kutengenezwa pale pale.

Lakini tuseme ukweli: bunge la jimbo lilikuwa limekubali mupango. Kilichouangusha ni kwamba ekipi haikuweza kupata sehemu yake ya feza, na mwishoni mwa 2000 ikawekwa sokoni. Wanunuzi walioichukua 2002 waliona kitu ambacho wenzao hawakuona: ule uzee wenyewe ni biashara. Walifunga barabara ya pembeni siku za mechi ili wafuasi watembee na kula pale. Mwaka wa 2003 waliweka viti juu ya Green Monster. Kwa miaka kumi walitumia dola kama milioni 285 kwa kutengeneza, kidogo kwa kidogo. Kuanzia Mei 2003 mupaka Aprili 2013, tiketi zilihesabiwa kuisha mechi 820 mufululizo.

Ndiyo kusema wakaaji hawakuokoa uwanja peke yao. Ila kama hawangekuwa na mupango tayari wakati feza ilikosekana, hakuna mutu angejua kwamba kuna njia ingine.

Nani anaingia?

Kupona kwake kuna bei. Kwa miaka mingi tiketi za Fenway zimehesabiwa kati ya zile za bei ya juu kabisa katika ligi. Familia ya kazi ya kawaida inafikiri mara mbili mbele ya kuingia.

Tena, si wote walipendwa pale. Aprili 1945 Jackie Robinson alijaribiwa Fenway pamoja na weusi wengine wawili. Red Sox haikumuchukua yeyote. Miaka miwili nyuma, Robinson alifungua mulango kwa weusi akiwa na Brooklyn. Red Sox ilikuwa ekipi ya mwisho ya ligi kuweka muchezaji mweusi, Pumpsie Green, mwaka wa 1959. Tom Yawkey, mwenyeji wa ekipi wakati ule, alipewa jina la barabara pale nje. Jina lile liliondolewa 2018 tu, mwaka moja nyuma ya muchezaji mweusi mugeni, Adam Jones, kutukanwa juu ya rangi yake ndani ya uwanja.

Na Julai 2025 wafanyakazi wenye kuuzisha chakula na vinywaji ndani ya Fenway waligoma siku tatu. Waliomba mushahara mwema, na walilalamika kwamba mashine za kuuzisha pombe zinakula kazi yao.

Kule Detroit, mahali Tiger Stadium ilisimama, tangu 2018 kuna kiwanja cha watoto wa muji. Kuta za zamani hazipo tena, lakini mutoto wa pale anaweza kukimbia mahali mabingwa walikimbia. Boston ina kuta zake zote. Huko, tangu mwaka wa 2005, ubishi wa kubomoa umeisha. Ule wa bei ya tiketi na mushahara wa mwenye kuuzisha soda ungali.