Madoa ya Majani: Tazama Kwanza, Dawa Baadaye

Mama wa nyumbani anapoona madoa katika nyanya zake, mara nyingi huchuma jani moja, akaenda nalo dukani. Muuzaji hulitupia jicho, kisha hutoa chupa iliyo karibu na mkono wake. Jioni hiyo hiyo dawa hupulizwa. Ikiwa dawa ni ya wadudu na maradhi ni ya ukungu, fedha imepotea, mche unaendelea kuugua, na sumu imebaki juu ya mboga itakayoingia chunguni. Kosa lilianza pale jani lilipochumwa, kwa sababu jani lililo peke yake limekwisha kupoteza nusu ya ushahidi. Doa ni sehemu tu ya habari. Inapasa kujua pia lilianzia wapi katika mche.

Basi simama mbele ya mche asubuhi, umande ukiwa haujakauka, ujiulize kama yaliyotangulia kuugua ni majani ya chini au ya kileleni. Majani ya chini yakigeuka manjano jani zima, pasipo madoa, huku ya juu yakibaki kijani, mara nyingi mche una njaa ya naitrojeni. Chakula hicho huweza kuhamishwa ndani ya mmea. Kikipungua, majani mazee hunyang'anywa ili machanga yale. Tiba yake ni samadi iliyooza vizuri. Lakini yakiwa manjano ni majani machanga ya juu, na mishipa yake imebaki kijani kama mito katika ramani, kinachokosekana ni madini ya chuma, ambayo hayahamishwi kwa urahisi. Huenda chuma chenyewe kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukinyonya kwa sababu udongo umejaa maji au una chokaa nyingi, kama ilivyo ardhi ya matumbawe huko pwani.

Tukirudi kwenye madoa ya nyanya, kuna magonjwa mawili ambayo wengi huyachanganya kwa kuwa yanashiriki jina. Bakajani tangulia huanza katika majani mazee yaliyo karibu na ardhi. Doa lake ni kavu, la kahawia, na ukilitazama kwa makini utaona duara ndani ya duara, kama shabaha ya askari. Ugonjwa huu huenda polepole. Ondoa majani yaliyougua uyachome, tandaza nyasi kavu chini ya mche ili matone ya mvua yasirushe udongo majanini, na maji yamwagwe shinani badala ya juu ya majani. Kwa miche kumi ya uani, hayo mara nyingi hutosha.

Bakajani chelewa ni adui wa namna nyingine. Jina lenyewe linapotosha, maana hali ya hewa ikimfaa huweza kufika mapema sana. Hupenda ubaridi na unyevu, kwa hiyo watu wa Lushoto, Njombe na Mbeya wanamfahamu zaidi kuliko wa Dar es Salaam. Doa lake halina maduara. Jani huonekana kama lililomwagiwa maji ya moto, kisha huwa jeusi, na ukiligeuza asubuhi utaona utando mweupe pembezoni mwa doa. Ugonjwa huu ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Ukiuona, ng'oa mche siku hiyo hiyo. Hapa ndipo dawa ya ukungu inapostahili kununuliwa, ili kuikinga miche ambayo bado ni mizima.

Sasa geuza majani mengine. Ni kazi ya nusu dakika, lakini wachache huifanya. Vidoa vya manjano vilivyotapakaa kama vumbi wakati wa kiangazi ni dalili ya utitiri. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ndio wao. Hao ni jamaa wa buibui, na dawa nyingi za wadudu huwaua maadui zao tu, wao wakazidi kuzaana. Warushie maji kwa nguvu chini ya majani, siku kadhaa mfululizo. Mabaka yanayopitisha mwanga, yenye kinyesi cheusi ndani, ni kazi ya funza wa kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeonekana Tanzania mwaka 2014. Majani hayo yachomwe. Na majani yakijikunja kwenda juu, mche ukadumaa na inzi weupe wakiruka ukiutikisa, hiyo ni virusi, ambayo haina dawa.

Ukikuta mche umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina la chini ukitumbukize katika bilauri ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko wa bakteria. Mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa.

Dawa ikibidi, soma kwanza siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mchicha huchumwa mara kwa mara, kwa hiyo dawa inayotaka siku 14 haifai karibu na tuta la mchicha, muuzaji aisifu vipi. Dawa iliyopimwa na kutiwa katika chupa ya soda, isiyo na maandishi, usiipokee kabisa: hutajua siku zake za kungoja, na mtoto akiikuta ataidhani soda.