Wati Kwanza, Jina Baadaye

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika mnaofanya kazi na sisi, tusikilizane.

Kila tukitaja kadi ya grafiki tunaambiwa: "Mkimbizi na magemu, wapi na wapi?" Tunakataa maneno hayo. Ndiyo, tunacheza, na kucheza si kosa. Lakini kadi inayoendesha gemu la mpira ndiyo hiyohiyo inayohariri video ya harusi na kuchora 3D. Mnatufundisha kuhariri kwenye mashine zinazoganda kila dakika, halafu ripoti inaandika eti vijana walikosa bidii!

Ila hela ya mchango isinunue jina. Kwenye maduka ya mtumba watakusukumia RX 580: "Hii ni moto!" Nguvu iko, kweli. Lakini inakula kama wati 185, na inataka waya wake kutoka pawa saplai. Kompyuta zetu nyingi zilitoka maofisini. Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba iko na wati 240 kwa mashine nzima, na waya huo haina. Tena wengi wetu tunategemea sola na betri. Wati inayoliwa na kadi jioni haitawasha taa usiku.

Kwa hiyo, wati kwanza. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 inakula 75, na iko na memori ya GB 4. Nyingi za aina hizi hazitaki waya wa ziada, zinapata umeme kwenye bodi yenyewe. Kompyuta yako ikiwa nyembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi. Pima nafasi kabla hujatoka nyumbani.

Na usilipe kabla ya kuwasha. Kuna kadi za zamani kama GTX 550 Ti zilizobadilishwa BIOS ili zijiite 1050 Ti. Ukiona mlango wa VGA, ule wa bluu, shuku. Fungua GPU-Z, kisha cheza gemu nusu saa. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Nanyi wa mashirika, kabla ya kuagiza kompyuta tuulizeni: kazi gani, umeme kiasi gani? Koltani inayochimbwa Kivu, kwetu, inaingia kwenye vifaa vya elektroniki vya dunia nzima. Hatutaomba radhi kwa kutaka mashine inayofanya kazi.